Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utamaduni: Pemba ipatiwe ukumbi wa maigizo usio wa biashara

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Kaskazini Pemba na Kusini Pemba. Na kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni.

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum.

Nakuandikieni nikiwa mwanachama wa kikundi cha maigizo cha hapa Wete, na ninachokiomba ni kimoja. Kati ya kumbi za umma zilizopo Pemba, ukumbi mmoja utengwe kwa ajili ya maigizo na sanaa nyengine za jukwaani, ukabidhiwe kwa muda mrefu jumuiya isiyotafuta faida, na ufanye kazi mwaka mzima chini ya macho ya Serikali na ya wananchi wenyewe. Siombi jengo jipya. Wala siombi tamasha, kwa sababu matamasha Zanzibar inayo, na yanapomalizika wageni hupanda boti na sisi hubaki na vumbi lile lile la uwanja wa skuli tulilolizoea.

Kumbi zipo. Wete kuna Jamhuri, Chake Chake kuna Samail pale Gombani na Makonyo kule Wawi, na Mkoani kuna Umoja ni Nguvu. Anayefuatilia habari za Pemba anayajua majina hayo kwa moyo, kwa kuwa humo ndimo mafunzo hufunguliwa, miradi huzinduliwa na wadau hukutana. Shughuli za namna hiyo hutosheka na meza ya mgeni rasmi, bango ukutani na kipaza sauti kimoja. Igizo halitosheki na hayo. Linataka sakafu iliyoinuka ili mtoto aliyekaa nyuma amuone mchezaji mzima na si kichwa chake tu, linataka chumba cha kubadilishia nguo, njia mbili za kuingilia jukwaani, taa zinazoweza kuzimwa upande mmoja zikabaki upande wa pili, na zaidi ya yote linataka pahala pa kulaza vifaa kutoka siku moja hadi nyengine. Kinu chetu cha maonesho hulala nyumbani kwa mwenzetu mmoja, na siku mama wa nyumba ile anapotaka kutwanga, mazoezi husubiri. Yupo pia msimamizi wa ukumbi mmoja, ambao sitautaja, aliyetukabidhi ufunguo asubuhi na kuudai mchana kwa sababu umetokea mkutano. Watu waliokuja jioni na watoto wao walikuta mlango umefungwa na sisi tumekaa barazani pamoja na makuti tuliyoyasuka yawe ukuta wa nyumba ya igizo. Simlaumu sana. Kwa utaratibu uliopo mkutano hulipa na igizo halilipi, na yeye ana mahesabu ya kupeleka kwa mkubwa wake.

Huenda ikadhaniwa kuwa sanaa inayoendeshwa na jumuiya kwa michango ni fikra ya kuletwa. Taarab ilianza visiwani ikiwa starehe ya kasri, zama za Sayyid Barghash bin Said aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, lakini haikubakia humo. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Nadi Ikhwan Safaa kwa kuchangishana wao kwa wao, na chama hicho kipo hadi leo, kimeupita utawala wa kisultani, ukoloni na vita viwili vya dunia. Kundi la Mila na Utamaduni lilianza 1958 likiwa na jina la Shime Kuokoana, jina ambalo peke yake linaeleza watu wale walikutana kwa shabaha gani. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama na vya taarab, Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari vikiwa mashuhuri kwa kushindana, na ndani ya ushindani ule kulikuwa na ada, sare, michango ya harusi na ya misiba. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu, aliimba kwa Kiswahili mambo yaliyokuwa yakitokea mahkamani na mitaani, na Ng'ambo, mitaa ya wanyonge iliyo nje ya Mji Mkongwe, ikamsikiliza kabla sauti yake haijarekodiwa Bombay mwaka 1928. Alikuwa akiwapa watu wasiojua kusoma khabari za kesi zao wenyewe.

Kwetu Pemba mizizi ya maigizo ni mirefu vilevile, ingawa haikuandikwa sana. Kibati ni mazungumzo ya haraka yanayobuniwa hapo hapo juu ya mapigo ya ngoma, mmoja akichokoza na mwengine akijibu, na waliozunguka wakipokea kiitikio. Mwanafunzi wa tamthilia akikitazama atakuta wahusika, mgogoro na hadhira, vyote vikiwa tayari. Kirumbizi kina watu wawili, fimbo mbili na kanuni ya nani anaingia lini. Msewe una vyombo vilivyofungwa miguuni vinavyolia kwa hatua ya mchezaji. Sanaa hizi hazikuwahi kumilikiwa na mtu wala kumgawia mtu faida. Ziliishi kwa sababu kijiji kilikuwa na kiwanja chake na siku zake zilizojulikana, na leo viwanja vimejengwa nyumba na siku zimebaki zile za mapokezi ya viongozi, ambapo wazee huitwa kucheza kwa dakika chache kabla ya hotuba. Naliandika hili kwa heshima, lakini naliandika.

Na kabla ya vyama vyote hivyo kulikuwa na wakfu. Sipendekezi ukumbi wa maigizo uwe wakfu wa dini, kwani hilo ni suala la masheikh na lina hukumu zake. Ninachosema ni kuwa nchi yenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana haihitaji mshauri kutoka nje aje kuifundisha maana ya mali isiyouzwa wala kurithiwa, inayosimamiwa na watu wasiokuwa wenyewe kwa manufaa ya wengine. Ukumbi ninaouomba uendeshwe kwa moyo huo: mapato yake yarudi kwenye kazi yake, wasimamizi wasigawane kitu, na jumuiya ikishindwa, ukumbi urudi kwa umma ukiwa ukumbi wa maigizo na si ghala.

Tumeshaona linalotokea ukumbi unapoachiwa biashara peke yake. Mjini Unguja kulikuwa na Majestic pale Vuga, iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya ukumbi uliotangulia kuteketea kwa moto, na kulikuwa na Empire ya Darajani na Cine Afrique. Familia nzima zilikuwa zikivaa na kutoka Jumapili kwenda kutazama filamu ya Kihindi, na mazungumzo ya wiki nzima yakatoka humo. Video zilipoingia majumbani mapato yakashuka, na kwa kuwa kumbi zile hazikuwa na sababu nyengine ya kuwepo isipokuwa mapato, Empire ikageuka duka. Mfanyabiashara hakukosea kwa hesabu zake. Ni mji uliobaki bila ya pahala pa kukaa pamoja gizani.

Lakini sitaki kuficha kuwa kutotafuta faida nako si kinga. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Ngome Kongwe mwaka 2004 na linaloendeshwa na taasisi isiyo ya kibiashara, lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002 na kikawatoa wapigaji wa qanuni, udi na fidla ambao leo tunajivunia, kililazimika mwaka 2019 kupaza sauti hadharani kuwa kinakaribia kufunga milango baada ya wafadhili kupunguza misaada. Taasisi zote mbili zimefanya kazi kubwa, na zote mbili zimetufundisha kuwa chombo kinachotegemea mkono mmoja wa mbali kitayumba siku mkono huo ukichoka.

Ndiyo maana nimevutiwa na mfano unaotoka mbali sana nasi, katika mji mdogo wa Abingdon, jimbo la Virginia, Marekani. Mwaka 1933, uchumi ulipokuwa umeporomoka, mwigizaji kijana mzaliwa wa sehemu hizo, Robert Porterfield, aliona waigizaji wenzake New York hawana kazi wala chakula, na wakulima wa kwao wana mazao yasiyo na mnunuzi. Akawaleta waigizaji kijijini na kutangaza kuwa asiye na senti za kiingilio alete mboga, maziwa, mayai au kuku. Ukumbi wakauita kwa jina la biashara yao ya kubadilishana, Barter Theatre. Husimuliwa kuwa msimu wa kwanza ulipomalizika zilibaki mkononi dola 4 na senti 35 na mapipa mawili ya jeli ya matunda, na waigizaji kwa jumla walikuwa wameongezeka uzito wa zaidi ya ratili 300. Waandishi wa michezo walilipwa haki zao kwa paja la nguruwe, na George Bernard Shaw, ambaye alikuwa hali nyama, inasemekana alilirudisha lake na kuomba mchicha. (Sisi hatutafika huko, ndizi na muhogo zitatosha.) Jambo lililonigusa zaidi lilikuja baadaye: mwaka 1946 jimbo la Virginia liliutambua ukumbi ule kuwa ukumbi wa maigizo wa jimbo, na hadi leo unafanya kazi. Serikali haikuuanzisha na haikuuchukua. Iliwakuta wakulima wameshalipa kwa kuku, ndipo ikaongeza mkono wake.

Kutoka hapo nchi ile ilijaza kumbi za namna hiyo katika mikoa yake, nje ya New York. Arena Stage ya Washington, iliyoasisiwa 1950 na Zelda Fichandler pamoja na wenzake, iliwakalisha weusi na weupe katika ukumbi mmoja wakati ambapo kumbi nyengine za mji ule ziliwatenganisha. Mpangilio wao wa fedha haufanani moja kwa moja na wetu, ila msingi wake unaeleweka: kiingilio hulipa sehemu tu ya gharama, na kinachobaki hutoka kwa wanachama, kwa wafanyabiashara wa pale pale, kwa ruzuku ndogo ya umma na kwa maonesho ya wanafunzi wa skuli. Mguu mmoja ukivunjika, mitatu husimama.

Waheshimiwa, naomba sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu naona ndiyo inayojulikana kidogo zaidi maofisini. Katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni tuliigiza kisa cha mtoto wa kike aliyedhalilishwa na jamaa wa karibu, na wazee wa ukoo wakakaa usiku kulimaliza jambo ndani ya nyumba. Wanawake walikaa kwenye majamvi mbele, wanaume walisimama nyuma, wengine wakiwa bado juu ya baiskeli zao, na sheha alipewa kiti. Nafasi ya mama iliigizwa na kijana mwanamme aliyejitanda ushungi, kwa kuwa msichana tuliyemfundisha alizuiwa na wazazi wake wiki ile ile. Tuliusimamisha mchezo pale baba mdogo anapotoa bahasha, tukawauliza watazamaji mama huyu afanye nini. Jibu la kwanza lilikuwa lile ambalo sote tumelihifadhi: aende polisi. Kisha bi mkubwa mmoja, bila ya kuinuka kwenye jamvi, akasema, "Aende kwa nauli ya nani? Na akirudi alale kwa nani?"

Kijana wetu, akiwa bado ndani ya ushungi, hakuwa na jibu, na sisi tuliouandika mchezo hatukuwa nalo. Kuanzia hapo hatukuwa tunaigiza tena. Watu walihesabu safari za kwenda Wete na kurudi, kesi inapoahirishwa na kuahirishwa tena. Walizungumza juu ya shahidi ambaye ni mke wa mtuhumiwa, juu ya daktari, juu ya shuka lililofuliwa kabla ya mtu kujua kuwa lilikuwa ushahidi. Mwanamme mmoja alilitaja wazi jambo ambalo semina hulizunguka, yaani muhali: kwamba hakuna aliye tayari kuitwa aliyemfunga ndugu yake. Sheha, ambaye mwanzo alikuwa akitazama simu, aliomba kusema na akasema mengi. Igizo lililopangwa kwa dakika 40 liliendelea hadi adhana ya magharibi. Sijui chombo chengine katika wilaya ile ambacho kingewakalisha mama, sheha na kijana wa baiskeli katika mazungumzo hayo bila ya kumtaja mtoto wa mtu yeyote.

Tulitaka kurudi na mchezo ulioandikwa upya, ukianzia kwenye nauli. Haikuwezekana, kwa sababu fedha zilizotupeleka zilikuwa za mradi, na mradi ulikuwa umeshahesabu onyesho lile kuwa limefanyika. Hivyo ndivyo vikundi vya Pemba vinavyoishi sasa: taasisi huja na mada yake, ikiwa ni malaria, dawa za kulevya, ukataji mikoko au udhalilishaji, pamoja na ujumbe ulioandikwa tayari, hutupa fulana na nauli, hupiga picha, na huondoka. Nazishukuru taasisi hizo, maana bila ya wao tusingekuwa hata na spika. Lakini mwigizaji anayepewa kila mara maneno ya kusema hugeuka kipaza sauti chenye miguu, na hadhira inalijua hilo haraka kuliko mfadhili. Ukumbi wa kudumu ungewezesha swali la bi mkubwa yule liwe mchezo wa mwezi unaofuata.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni ya silka, mila na desturi, na naiheshimu kwa kuwa nami ni mzazi. Kibali na mapitio ya Baraza vipo na tutavifuata. Zaidi ya hapo, ukumbi unaojulikana, wenye saa zinazojulikana, unaoonesha alasiri na kumaliza kabla ya magharibi, wenye sehemu ya wanawake na watoto na msimamizi anayejulikana kwa wazazi, ni salama zaidi kwa binti kuliko uwanja wa giza. Msichana wetu aliyezuiwa hakuzuiwa kwa sababu baba yake anachukia maigizo. Alizuiwa kwa sababu hakujua mwanawe atarudi kwa gari gani.

Ya pili husemwa kwa sauti ya chini, kwamba waigizaji wataisema Serikali. Wataisema, kama wanavyosemwa waume, wake, masheha, wafanyabiashara na waalimu. Ni aula lisemwe mbele ya mkuu wa wilaya aliyekaa safu ya kwanza na mwenye haki ya kujibu.

Ya tatu ni gharama, nayo ndiyo nzito. Gharama ya kugeuza ukumbi uliopo kuwa na jukwaa si ya kutisha. Mafundi seremala wa Pemba wanaojenga madau wanaweza kujenga jukwaa. Kinachoua kumbi ni mlinzi asiyelipwa, umeme uliokatwa na paa lililoanza kuvuja. Sote tuliiona Beit al-Ajaib, jumba kongwe la kisultani la Mji Mkongwe, ikiporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuondoka na roho za watu. Kwa hiyo ruzuku tunayoiomba iwe ndogo na ya kila mwaka, iandikwe katika bajeti kwa ajili ya uendeshaji na matengenezo tu, na isiwe donge moja la uzinduzi. Yaliyobaki tutayatafuta wenyewe, na hesabu zitabandikwa mlangoni kila robo mwaka ili anayeleta mkungu wa ndizi na anayeleta hundi wazisome pamoja.

Kuhusu usimamizi, pendekezo letu ni bodi yenye walimu wa skuli, wazee wa ngoma, watu wenye ulemavu, mwakilishi mmoja wa Wizara na mhasibu asiyekuwa jamaa wa yeyote kati yao. Ratiba ifuate maisha ya kisiwa. Msimu wa karafuu watu wapo makambini, basi mchezo uwafuate huko badala ya kuwasubiri mjini. Ramadhani jukwaa lifungwe na mwezi utumike kwa kuandika na kusomesha waandishi wapya. Asubuhi za muhula ziwe za skuli, hasa kwa vitabu vya tamthilia ambavyo wanafunzi huvikariri kwa ajili ya mtihani bila ya kuviona vikichezwa hata siku moja, jambo ambalo kwangu ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea ubaoni. Na wazee wa kibati wapewe siku yao kamili, bila ya hotuba mbele wala nyuma.

Linabaki suala la kwa nini Pemba. Ngome Kongwe, iliyopata kuwa gereza, kisha kituo cha reli na hata klabu ya tenisi ya mabibi, Serikali iliweza kuipatia ukumbi wa wazi unaojulikana duniani, na tunaufurahia. Lakini Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000 upande huu, na mtoto wa Wete anayetaka kuona jukwaa lenye taa hulazimika kwanza kukata tiketi ya boti ya kwenda bandari ya Malindi, Unguja.

Tunaomba kikao na watendaji wenu waliopo Pemba kabla makadirio ya mwaka ujao wa fedha hayajafungwa. Tutakuja na mchoro wa jukwaa, makisio ya umeme na mlinzi, na barua za vikundi vya wilaya zote nne vinavyokubali kutumia na kuchangia ukumbi mmoja, popote mtakapoamua uwe. Mkipendelea kuutazama mchezo kwanza ndipo tuzungumze, tupeni taarifa ya siku mbili na kibali cha uwanja.

Wasalaam,

Mwanachama wa kikundi cha maigizo
Wete, Pemba